Vidonge vya kunenepa, sindano ya kukonda

Kila anayeuza dawa hapa Tanga anavijua vidonge vya hamu ya kula. Mteja wake haji na jina la dawa. Anasubiri aliyemtangulia aondoke, anainama kidogo juu ya kaunta, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Dada, vile vya kunenepa vipo?" Mara nyingi ni binti ambaye harusi yake imekaribia, au mzazi ambaye mawifi wamemwambia amepukutika. Wanaume nao wapo, tena si haba, wanaotaka mashavu yajae kabla ya kwenda likizo kwao. Wanachotafuta ni siproheptadini, dawa ya mzio ya tangu miaka ya sitini, iliyokusudiwa chafya na ngozi inayowasha. Umaarufu wake kwetu umetokana na madhara yake: inaleta usingizi na njaa.

Siku hizi swali la upande wa pili nalo limefika. "Dokta, ile sindano ya kukonda mnayo?" Wanaouliza wameiona kwenye simu, wameona na picha za kabla na baada. Duka letu liko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zenye namba badala ya majina, na kuna asubuhi maswali haya mawili hufuatana, mmoja anataka hamu iongezwe, wa nyuma yake anataka ipunguzwe.

Kinachonishangaza ni hiki. Sijawahi kukutana na mtu anayebisha kwamba kidonge kinaweza kumfanya mtu ale. Anayenunua cha kunenepa anajua kabisa kuwa njaa yake ya wiki ijayo itatoka kwenye pakiti. Lakini mtu huyohuyo, akimwona jirani yake bonge anapanda bajaji kwa tabu, atasema: yule ana uroho, hajui kujizuia. Yaani njaa ya kununuliwa ni dawa, njaa ya kuzaliwa nayo ni tabia mbaya. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma habari za dawa za unene ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tunamwonea jirani.

Nianze na sisi wenyewe. Pwani unene haukuwa ugonjwa. Mwali aliwekwa ndani, akasingwa, akalishwa, ili siku ya kutolewa watu waseme amenawiri. Mtu akirudi Tanga kutoka Dar es Salaam akiwa amejaa, anasifiwa kuwa mambo yake yamemnyookea. Kisha ikaja miaka ya tisini, na kukonda kukawa na tafsiri moja tu mtaani. Shangazi yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua Makorora, alikonda kwa kisukari kabla hajajua kuwa ni kisukari. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyemuuliza chochote. Walihesabu mifupa ya shingo yake, wakajipa jibu. Kwa hiyo ninapomwona binti anataka vidonge vya kunenepa simcheki. Najua mwili mnene umewahi kuwa cheti cha afya mahali hapa.

Cheti hicho sasa kinasomwa vingine. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004 hadi 2005, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, walikuwa karibu asilimia 18. Mwaka 2015 hadi 2016 walifika asilimia 28. Sihitaji takwimu kuliona hilo, maana dawa za presha na kisukari ndizo zinazotoka rafuni kila siku. Baba zetu walikwenda kazini kwa baiskeli, na Tanga bado ni mji wa baiskeli, lakini vijana wanapanda bodaboda hata kwa mwendo wa kutoka hapa mpaka Soko la Mgandini. Haya mnayajua, sitayarudia.

Sasa twende kichwani.

Chini ya ubongo, juu kidogo ya usawa wa paa la mdomo, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Uzito wake ni gramu nne hivi. Mwaka 1940 watafiti wawili wa Marekani, Hetherington na Ranson, waliharibu kijisehemu cha katikati ya haipothalamasi ya panya, na panya wale wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand, daktari kutoka India, na mwenzake Brobeck waliharibu kijisehemu cha pembeni, panya wakaacha kula kabisa, chakula kikiwa mbele yao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, watafiti waliziamsha kwa mwanga seli fulani chache za sehemu hiyohiyo, na panya walioshiba wakaanza kula kwa pupa ndani ya dakika chache. Mwanga ukizimwa, wanaacha. Panya hana malezi mabaya wala hana tamaa za kimjini.

Wanaofunga Ramadhani wanalijua jambo hili bila maabara. Siku za mwanzo njaa inakuja saa saba mchana, ile saa ya chakula, inasokota kwelikweli. Ukivumilia mpaka saa tisa unakuta imepungua, na hujala kitu. Kama njaa ingekuwa ni tumbo tupu peke yake, saa tisa ingekuwa kali kuliko saa saba. Mwaka 1999 Wajapani wawili, Kojima na Kangawa, waliigundua homoni ya tumbo iitwayo grelini, ambayo hupanda kuelekea saa ulizozizoea kula na kisha hushuka. Tumbo linapeleka taarifa, lakini anayeamua kuiita taarifa hiyo njaa ni ubongo.

Ubongo unapokea taarifa kupitia vipokezi. Kipokezi ni kama kitasa kilichopachikwa kwenye ukuta wa seli: homoni au kemikali yenye umbo lake inaingia na kukifungua, na jambo fulani linatokea ndani. Dawa inaweza kuwa ufunguo wa bandia unaofungua. Inaweza pia kuwa ufunguo unaoingia na kukwama, wa kweli ukakosa nafasi. Karibu historia yote ya dawa za unene ni historia ya watu kutafuta kitasa sahihi na kugundua kwamba mlango huo unapitwa na wengi.

Kile kidonge cha kunenepa kinakwama kwenye vipokezi kadhaa. Kimojawapo ni cha histamini, ndiyo maana kinaondoa mafua ya mzio na kuleta usingizi. Vingine ni vya serotonini, kemikali ya kupeleka taarifa kwenye ubongo, kikiwemo kinachoitwa 2C, ambacho kazi yake mojawapo ni kumwambia mtu basi, imetosha. Mwaka 1995 wanasayansi walieleza kuhusu panya waliozaliwa bila kipokezi cha 2C. Walikuwa wanakula kupita wenzao na kunenepa. Kwa hiyo binti anayemeza vidonge vile na kuongeza sahani ya pili ya wali wa nazi na mbaazi hajageuka mlafi. Kilichokuwa kinamzuia kimezibwa mdomo. Zipo dawa za magonjwa ya akili, olanzapini kwa mfano, ambazo zinagusa vipokezi hivihivi na kuwanenepesha wagonjwa kwa kilo nyingi, halafu ndugu wanamlaumu mgonjwa kwamba anakula hovyo.

Wazungu walikishika kitasa hichohicho kwa upande wa kukonda. Miaka ya tisini Marekani ilienea fenfluramini, dawa inayoongeza serotonini, ikichanganywa na fentamini, dawa nyingine ya kupunguza hamu ya kula. Watu walikonda. Mwaka 1997 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic wakaripoti wanawake 24 waliotumia mchanganyiko huo na kukutwa vali za moyo zimeharibika, na Septemba ya mwaka huo fenfluramini ikaondolewa sokoni. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: serotonini ina kipokezi kingine, 2B, kilichopo kwenye vali za moyo, na dawa ilikuwa inakifungua hicho nacho. Basi wakatengeneza lokaserini, ya kulenga 2C peke yake na kuuacha moyo. Ikaidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa jina la Belviq. Ilipunguza uzito kidogo tu. Mwaka 2020 ikaondolewa, kwa sababu katika jaribio la watu wapatao 12,000 waliofuatiliwa kwa miaka kama mitano, waliopata saratani walikuwa asilimia 7.7 kwa waliomeza dawa na 7.1 kwa waliomeza kidonge kitupu. Tofauti ndogo, lakini kwa dawa ambayo haikondeshi sana, nani atakubali?

Hadithi ninayoipenda zaidi, kama neno kupenda linafaa, ni ya rimonabanti.

Aliyewahi kukaa karibu na wavuta bangi anajua kinachofuata wakimaliza: wanatafuta chakula. Wanakula chochote, na chochote ni kitamu. Kemikali inayofanya hivyo ilitambuliwa mwaka 1964 na Mechoulam na Gaoni huko Israeli. Kipokezi chake kwenye ubongo kikaonekana mwaka 1988, kikapewa jina CB1. Mwaka 1992 ikagundulika kwamba mwili wenyewe unatengeneza kemikali inayokifungua, bila bangi yoyote. Hoja ikajitengeneza yenyewe: kama kukifungua CB1 kunaleta njaa, kukiziba kutaiondoa. Kampuni ya Ufaransa, Sanofi, ikatengeneza kizibo. Kwenye jaribio kubwa la Ulaya, waliotumia miligramu 20 kwa mwaka mmoja walipungua wastani wa kilo 6.6, wa kidonge kitupu 1.8. Viuno vilipungua, mafuta ya damu yakakaa vizuri. Juni 2006 Ulaya ikaidhinisha, ikauzwa kwa jina la Acomplia. Wapo walioandika kwamba tiba ya kiribatumbo imepatikana.

Mwaka uliofuata ikafika mbele ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani. Wote 14 waliipigia kura ya hapana. Walichokiona ni kwamba baadhi ya waliotumia walipatwa na sonona, wasiwasi, na mawazo ya kujiua. Oktoba 2008 Ulaya nayo ikasimamisha mauzo, kwa kuwa hatari ya matatizo ya akili ilikuwa karibu mara mbili. Kulikuwa na jaribio jingine linaendelea, la watu zaidi ya 18,000, likakatizwa mwezi uliofuata. Ndani yake watu wanne wa kundi la dawa walijiua, na mmoja wa kundi la kidonge kitupu. Kampuni nyingine kubwa zilizokuwa zinatengeneza vizibo vya CB1 zikafunga mafaili yao.

Kuna jambo moja hapa ambalo madaktari wa kliniki wangeliona mapema kama wangeulizwa. Katika majaribio ya awali watu wenye sonona nzito waliondolewa wasishiriki. Lakini mtaani, watu wanene wenye huzuni ni wengi, na ndio haohao watakaoitaka dawa. Dawa ilipotoka kwenye karatasi ikaingia kwa watu, ikawakuta.

Na hili la pili ni maoni yangu mwenyewe, mnaweza kunisahihisha. CB1 ni miongoni mwa vipokezi vilivyojaa zaidi kwenye ubongo. Hakikuwekwa pale kwa ajili ya biriani. Kinahusika na utamu wa vitu kwa ujumla, na kutuliza hofu, na kusahau mabaya yaliyopita. Kukiziba ili mtu asitamani chapati ni kugusa pia kinachomfanya atamani kuamka, kumwona mjukuu, kwenda harusini. Sisi tunaiweka hamu ya kula fungu lake na hamu ya maisha fungu lake. Ubongo haukuzitenga hivyo. Shangazi alipofiwa na mumewe alikaa siku nyingi hali, na hakuna aliyesema tumbo lake lina tatizo.

Hata hivyo watu hawajakata tamaa na kitasa hicho. Mwaka 2023 Novo Nordisk ya Denmark iliinunua kampuni ya Kanada, Inversago, kwa ajili ya kidonge kiitwacho monlunabanti, kilichoundwa kizibe CB1 cha mwilini bila kuingia sana kwenye ubongo. Matokeo ya 2024 yalionyesha watu wamepungua kilo kadhaa ndani ya wiki 16. Yalionyesha pia wasiwasi, hasira za karibu na usingizi wa shida, hasa kwa dozi kubwa. Mimi nikasoma nikasema: mzimu wa Acomplia huo.

Kabla ya kufika kwenye sindano, kuna watoto wawili nataka mjue habari zao, kwa sababu wao ndio walionimalizia ubishi kuhusu uroho. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake New York waligundua homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, wakaripoti watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Mmoja alikuwa na miaka minane na kilo 86. Wa pili miaka miwili na kilo 29. Njaa yao haikuwa na mwisho. Yule mkubwa alipoanza kudungwa leptini, ulaji wake ulipungua, na uzito ukaanza kushuka. Hakuna aliyemfundisha adabu ya mezani. Alipewa homoni aliyoikosa tangu tumboni. Ungekuwa jirani yake kabla ya sindano ile ungesemaje?

Kwa wanene wengi leptini haisaidii, maana wanayo tele, ni ubongo uliozoea kelele zake na kuacha kuzisikia. Ipo pia setmelanotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa wenye kasoro adimu za kurithi, inayofungua kipokezi cha MC4R kwenye haipothalamasi. Inasaidia kweli. Ila inafungua pia kipokezi ndugu kilichoko kwenye ngozi, na mgonjwa anazidi kuwa mweusi. Nikiwaza kiasi cha mkorogo kinachouzwa Tanga, naona biashara ya dawa hiyo ingekuwa ngumu hapa.

Sindano yenyewe sasa. Utumbo, ukipokea chakula, hutoa homoni iitwayo GLP-1. Inaiambia kongosho itoe insulini, inapunguza mwendo wa tumbo kumwaga chakula, na inapeleka habari ya shibe kwenye ubongo. Mwaka 1996 watafiti wa London walionyesha kwamba ukiiweka moja kwa moja kwenye ubongo wa panya, panya anapunguza kula. Tatizo ni kwamba mwilini inadumu dakika mbili hivi, kisha imevunjwa. Ufumbuzi wa kwanza ulitoka kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa la Marekani, Gila. Mwaka 1992 John Eng, daktari wa New York, alikuta ndani yake kemikali inayofanana na GLP-1 lakini isiyovunjika upesi. Dawa iliyotokana nayo ilianza kutumika kwa kisukari mwaka 2005. Huko Denmark Lotte Bjerre Knudsen na wenzake wakaishonea homoni ya binadamu mkia wa mafuta, ili ijibanze kwenye protini ya damu isivunjwe. Ndipo ikaja liraglutaidi, ya kudungwa kila siku, kisha semaglutaidi, mara moja kwa wiki. Ozempic ni semaglutaidi ya kisukari, ya 2017. Wegovy ni ileile kwa dozi kubwa zaidi, ikaidhinishwa kwa unene mwaka 2021.

Kwenye jaribio lililoipitisha, watu 1,961, wiki 68, waliodungwa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, wa sindano tupu 2.4. Tirzepataidi, iliyofuata, inafungua vipokezi viwili kwa pamoja na imepita asilimia 20 kwa dozi yake kubwa. Mwaka 2023 jaribio la watu 17,604 wenye magonjwa ya moyo lilionyesha semaglutaidi inapunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi. Hapo mjadala wa urembo ukaisha.

Kwa nini hii imefanikiwa pale wenzake walipoanguka? Sehemu ya jibu ni mahali inapogusa. Haizami ubongo mzima. Inafikia zaidi maeneo ya ukingoni ambako ukuta kati ya damu na ubongo ni mlegevu, ikiwemo sehemu ya nyuma inayohusika na shibe. Sehemu hiyohiyo ndiyo inayoleta kichefuchefu, kwa hiyo dozi inaanza na miligramu 0.25 na kupanda taratibu kwa miezi. Anayeruka ngazi atatapika. Wengi wanaoitumia wanasema kitu kimoja: kichwani kumetulia.

Mama mmoja wa Chumbageni, mgonjwa wa kisukari ninayemheshimu sana, aliwahi kunieleza hali hiyo akiwa hajawahi kuisikia dawa yenyewe. "Mwanangu, nikimaliza kula tu naanza kuwaza nitapika nini. Nipo kwenye mswala, nawaza bokoboko. Naona aibu mbele ya Mungu." Nilimwambia si kila anachokionea aibu kimetoka kwake. Alicheka, akasema nimwombee tu. Yeye hupika kwa ajili ya watu wengi, hula kidogo mbele yao, na hupigana vita ambayo wembamba hawajawahi kupewa hata notisi yake. Mtu asiye na kelele hizo akijisifu kwamba anajizuia, huwa namwuliza: unazuia nini?

Wanaoacha sindano, uzito unarudi. Walioacha baada ya lile jaribio la wiki 68 walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo wapinzani husema, unaona, haitibu. Dawa ya presha nayo ukiiacha presha inarudi, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa presha kwamba amekuwa mtumwa wa vidonge. Hoja yenye uzito ni nyingine, ni nani ataigharimia kwa maisha yote.

Nije kwenye mlango wa duka letu. Kalamu ya sindano ya semaglutaidi ambayo haijaanza kutumika inataka kukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikishaanza inaweza kukaa nje kwa wiki kadhaa, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Tanga mwezi wa Machi nyuzi 30 ni kivulini, tena mchana wa nafuu. Umeme ukikatika usiku kucha, nani anajua kilichobaki ndani ya kalamu iliyokuja kwa basi kwenye mfuko wa mtu? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama wao zimewafikia, mimi siwezi kumwamini mtu wa Instagram anayeleta hadi mlangoni. Mwulize mfamasia kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa, omba kuona boksi, na uwe na cheti cha daktari aliyekupima. Mwenye mimba au anayetafuta mimba asiiguse, na mwenye historia ya saratani fulani ya tezi ya shingo katika familia vilevile.

Mbaya kuliko hiyo ni chai na kahawa za kupunguza tumbo. Katika nchi nyingi bidhaa za namna hiyo zilipopimwa zimekutwa na sibutramini, dawa nyingine ya ubongo iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye magonjwa ya moyo. Boksi linasema mitishamba. Moyo unadunda kama wa mtu anayekimbizwa, na mtumiaji anadhani ndiyo mafuta yanayeyuka.

Kwa upande wa wale wa kunenepa, siwauzii, na nimeshapoteza wateja kwa hilo. Shida si siproheptadini pekee. Wengi huchanganyiwa na deksamethasoni, dawa inayoiga homoni ya mwili, ambayo inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, na ukiiacha ghafla baada ya kuizoea inaweza kukuua, kwa kuwa mwili umesahau kutengeneza ya kwake. Mashavu ya harusini ni maji na mafuta.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutaidi na ndugu zake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Hataza za semaglutaidi, yaani haki ya kampuni kuitengeneza peke yake, katika nchi kadhaa, India na China zikiwemo, zinafika mwisho mwaka 2026. India ndiko zinakotoka dawa nyingi tunazouza. Bei itashuka, na maswali kwenye kaunta yataongezeka, kwa hiyo ni afadhali tuanze kujibizana sasa.

Mzee mmoja wa baraza la kahawa ameshaanza. Ni mgonjwa wa kisukari, mnene, mtaratibu, anasoma kila kitu. Alinikuta nikimweleza mwingine kwamba jaribio dogo la 2025, la watu 48, limeonyesha semaglutaidi inapunguza hata hamu ya pombe, kwa hiyo inaonekana haishughuliki na chakula pekee.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Pombe mimi sinywi. Nieleze habari ya kahawa na kashata."

Nikamwambia kashata alipaswa kuwa ameshaiacha, sindano au bila sindano.

"Sikukuuliza kama nile," akasema. "Nimekuuliza kama nitaitaka. Maana nikikaa barazani na wenzangu kuanzia magharibi, wao wanatafuna, mimi sitaki chochote, nitakuwa nafanya nini pale?"

Akachukua metformini yake, akahesabu hela mbele yangu, akasema akipata daktari wa kumjibu hilo atarudi tuongee bei.